Risala ya Wafanyakazi wa Kiwanda cha Sweta Kabiria Kuhusu Sauti ya Mzee Bhagwanji

Mgeni rasmi, Mama Hemlata Bhagwanji. Bwana Mungai, meneja wetu. Wageni mliotoka mjini. Majirani wa Kabiria: hamjambo.

KARIBU NYUMBANI

Mama, hatujakuona tangu Mzee afariki ukaenda kuishi na binti yako Uingereza. Umerudi kufungua jengo jipya, na sisi tumefurahi. Jengo ni zuri, lina madirisha. Tumeomba kusoma risala hii kabla hujakata utepe, maana utepe ukishakatwa watu hugeukia sambusa na hawasikilizi tena.

TULIKOTOKA

Mzee Bhagwanji alianza na mashine chache za kufuma nyuma ya duka lake la Biashara Street. Alipohamia huku alituchukua sisi, wengi wetu kina mama ambao hakuna mtu mjini aliyetaka kutuajiri tukiwa na watoto mgongoni. Alijenga chumba cha watoto kabla ya kujenga ofisi yake. Kila asubuhi alisimama kwenye kipaza sauti akatuita majina, na kila aliyeitwa alijibu, "Nimefika, Mzee." Mtu asipojibu, alituma mwenzake nyumbani kwake kuuliza kama ni mgonjwa. Wageni huicheka desturi hii. Sisi tuliipenda.

Mwaka wa 1988, alipokwenda Bombay kutibiwa moyo, aliacha kanda alizorekodi ili tusikose salamu zake. Kuna za asubuhi, anazotuitia majina, na za jioni. Katika zote anasema, "Watu yangu, fanya kazi mzuri. Mimi narudi karibuni tu."

Mwili wake ulichomwa kule kwa desturi ya dini yenu. Hatukuona jeneza wala kaburi. Tuliambiwa tu kwamba amefariki, na asubuhi iliyofuata kipaza sauti kikatuita majina. Tulilia, tukajibu. Bwana Mungai akatuuliza kama aendelee kuzicheza hizo kanda. Tulisema ndiyo.

TULIYOFANIKISHA

Watoto wa shule kutoka Dagoretti Corner hadi Uthiru wanavaa sweta zetu. Hatujawahi kugoma. Viwanda vingine vimefungwa, hiki kinafuma, na Bwana Mungai ana sehemu yake katika hilo. Anafika kazini kabla yetu. Si mwizi, na hajawahi kumtukana mama wa mtu. Tunayasema haya akisikia, ili asije akasema tumemwonea katika yanayofuata.

YANAYOTUSUMBUA

Kanda zinaita watu wa wakati ule. Nyakio alikufa kwa nimonia, tukamzika wenyewe kwao Limuru, lakini Mzee anamwita kila asubuhi. Akishamwita anangoja kidogo, kama alivyozoea. Mwanzoni tulinyamaza mpaka apite kwa jina lingine. Kisha akaajiriwa Syokau, akawekwa kwenye mashine ya Nyakio. Jina likaitwa. Dalmas, msimamizi wetu wa zamu, akamwambia:

"Itikia."

"Lakini mimi ni Syokau."

"Na nani amekuuliza jina? Mzee anangoja, mama. Itikia tuanze kazi."

Akaitikia. Siku hizi anaitikia jina hilo hata wakati wa chai, na wengi wetu tumesahau kwamba ana lingine. Mwezi wa Machi mumewe alikuja langoni mtoto wao akiwa amezidiwa. Askari wa lango alimwambia hakuna Syokau hapa. Hakumwambia hivyo kwa ubaya, ndivyo alivyojua. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mama yake alipata habari jioni, alipofika nyumbani na kukuta mlango umefungwa.

Halafu kuna mlango wa nyuma. Sweta zilipoanza kupotea, Bwana Mungai alichukua kanda ya jioni akaanza kuicheza kila asubuhi baada ya majina. Ndani yake Mzee anasema, "Dalmas, funga mlango ya nyuma." Maneno ni yake kweli, lakini yalikuwa ya saa ya kwenda nyumbani, watu wakiwa wameshatoka. Sasa tunafungiwa ndani kutwa.

Mwezi uliopita mashine ya pasi ilishika moto, moshi ukajaa upande wa mlango mkubwa. Tulikimbilia nyuma. Dalmas alikuwa amesimama pale, ufunguo mkononi.

"Si ufungue!"

"Mzee hajasema."

"Dalmas, Mzee alikufa."

"Leo asubuhi ameongea na wewe. Na ukamjibu."

Ilikuwa kweli. Mwenzetu Kanini alivunja dirisha la choo kwa kigoda, tukatokea hapo, wanene na wembamba. Dalmas alitoka wa mwisho, na mlango bado ulikuwa umefungwa. Mjue Dalmas hana wazimu. Ni mzee wa kanisa na ana watoto kama sisi.

Tulimwendea Bwana Mungai. Alituuliza, "Mnataka nimfukuze Mzee kwenye kiwanda chake? Mkishamkataa yeye, mtakuwa mnamfanyia nani kazi?" Tukarudi kwenye mashine. Hapo ndipo tunapofungwa mdomo, Mama: kila tukilalamika, tunaonekana tumemkana mtu aliyetulelea watoto. Lakini Mzee tuliyemjua, mtu asipojibu, alituma mwenzake akamtafute. Huyu wa kwenye kanda haulizi mtu kama ni mgonjwa.

Na Bwana Mungai mwenyewe, tunamwona kupitia kioo, siku hizi hubisha mlango wa ofisi ya Mzee kabla ya kuingia, kisha husimama kidogo. Bwana Mungai, usikasirike. Tunakuhurumia pia.

TUNAYOOMBA

Leo hatuombi nyongeza ya mshahara.

Tunaomba mlango wa nyuma uwe wazi wakati wote watu wakiwa ndani, hapa na kwenye jengo jipya. Tunaomba Bwana Mungai atuamuru kwa mdomo wake mwenyewe, ili akikosea tuweze kumwambia amekosea, naye atujibu. Hatuwezi kubishana na Mzee.

Ombi la mwisho ni lako peke yako. Waya umeshavutwa hadi jengo jipya, na kipaza sauti kipo pale juu ya mlango, nyuma ya utepe. Ukishakata utepe tutaingia, naye ataanza kutuita. Tumekubaliana kwamba leo hakuna atakayejibu, na tunaogopa. Tukimjibu hatapumzika, na tukimnyamazia tutakuwa tumemkosea adabu. Wewe ulikuwa mke wake. Atakapoita jina la kwanza, tunakuomba ujibu wewe, kwa Kigujarati, kama mlivyoongea nyumbani. Mwambie sweta zinafumwa na watoto wamekula, kwa hivyo aende. Hatutaelewa maneno yako, lakini tutasimama kimya mpaka umalize.

Mungu akupe nguvu ya kusema hayo, ampumzishe Mzee, akilinde kiwanda hiki na kila aliye ndani yake.

Ni sisi, wafanyakazi wa Kiwanda cha Sweta cha Bhagwanji, Kabiria, 1991.

Imeandikwa na kusomwa kwa niaba yao na Bi. Wanjugu Thuo, mkaguzi wa sweta.