Tela la Mzee Antipasi na Njia ya Rungwa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Mungaa na ninyi mliotoka mbali, naitwa Ezekieli, mpwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wetu.

Mzee Antipasi Simeoni alizaliwa hapa Mungaa tarehe 14 Machi 1958, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi mwaka 1973, kisha akapelekwa Kilimatinde kujifunza ufundi, ambako walimu walilalamika kwamba kila kilichofika mikononi mwake kilifunguliwa, hata kile kilichokuwa kizima. Mwaka 1979 aliajiriwa na mzee Hirji wa Singida mjini kutengeneza mashine za kusaga na kukamua alizeti, akaifanya kazi hiyo hadi Agosti 2011, alipoanguka kutoka juu ya mashine akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuweza tena kupanda pikipiki.

Alifunga ndoa na Theodora tarehe 6 Oktoba 1984, wakajaliwa mtoto mmoja, Winfrida, aliyeolewa mwaka 2015 na Edward, mfuga nyuki wa Rungwa. Theodora alifariki Februari 2020, na nyumba ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja. Mzee aliendelea kusonga ugali wa watu wawili, akila nusu, nusu akiwamwagia kuku, na ukimuuliza anakwambia kuku nao ni watu wa nyumbani.

Hamu yake ilikuwa moja tu, kumwona mwanawe nyumbani kwake. Lakini desturi zetu mnazijua, baba haendi kwa mkwe bila kuitwa, na Winfrida naye hakumwita, akiogopa kumtesa mwenye nyonga mbovu ndani ya basi na vumbi la njia ile. Baba akangoja kuitwa, mtoto akangoja baba apate nafuu, miaka ikapita.

Mwaka 2023 Nitin, mjukuu wa Hirji, alimpa bajaji ndogo ya umeme iliyokuwa ikisambaza bidhaa za duka. Kwa chaji moja haikuvuka Manyoni, na kutoka Itigi kwenda Rungwa ni pori, hakuna pa kuchomeka waya. Mzee akakikata kitanda chake cha chuma, akaunga tela la magurudumu mawili, akafunga juu yake injini ya pampu ya maji inayozungusha dinamo kwa mkanda, ili umeme uingie kwenye betri huku bajaji inatembea. Aliunguza dinamo mbili kabla ya kupatia. Sisi tulimcheka, tukasema kununua petroli ili uendeshe gari la umeme ni sawa na kukodi punda ambebe punda wako, naye alicheka pamoja nasi, kisha akarudi kulala kwenye mkeka, peke yake.

Juni mwaka huu uvumilivu ulimshinda, akaondoka bila kumuaga mtu, akafika Rungwa salama, na hapo ndipo desturi ilipomkaba. Winfrida na mumewe walikuwa porini wakirina asali, naye hakuthubutu kuingia ua wa mkwe, wala kujitaja, wala kupiga simu, maana kwake kupiga simu ilikuwa kujialika. Alikaa barabarani siku mbili akiwachajia majirani simu zao bure, akiwaambia ni mpita njia, halafu akageuza tela akarudi Mungaa.

Winfrida aliporudi akasimuliwa habari za mzee anayechechemea na tela lake linalonguruma, akapiga simu huku analia, akauliza kwa nini hakuingia, na mzee akajibu, "Sikuitwa, mwanangu." Edward akaichukua simu, akamwamkia, akamwita rasmi kwa Krismasi. Tangu siku hiyo mzee alikuwa mtu mwingine, alilipaka tela rangi ya bluu, na kila aliyepita alielezwa kwamba kuna mtu ameitwa kwa mkwewe.

Mwishoni mwa Novemba alishikwa na nimonia, akalazwa Singida mjini, akafariki alfajiri ya tarehe 4 Desemba 2025, Winfrida na Edward wakiwa njiani, wamefika Itigi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliomletea uji, Nitin na mafundi waliofanya kazi na marehemu, waliobeba jeneza. Edward ameniomba niyaseme mbele yenu maneno aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya Krismasi: Baba, karibu kwetu, uje siku yoyote, usingoje kuitwa.

Pumzika kwa amani, fundi wetu.