Hezekiah Gatimu Theuri (1947–1989): Kipa Aliyechora Nyuso za Waliotutoka

Wasifu huu umesomwa na Wamae, shemeji wa marehemu

Marehemu Hezekiah Gatimu alizaliwa tarehe 14 Februari 1947 huko Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Alikuwa mtoto wa pekee wa hayati Theuri, fundi seremala, na hayati Wakonyo. Wakati wa hali ya hatari, katika vita vya kupigania uhuru, Gatimu akiwa na miaka sita, Theuri alichukuliwa na askari na hakurudi. Hadi leo hatujui alikozikwa. Nyumba yao ilichomwa watu walipohamishiwa kijijini kwa nguvu, na picha moja tu waliyokuwa nayo ya Theuri ikaungua humo. Gatimu alikumbuka kikohozi cha baba yake na harufu ya maranda ya mbao kwenye koti lake, lakini uso haukumjia kamwe. Jambo hilo lilimtesa maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi pale Gatitu, kisha sekondari hadi kidato cha pili mwaka wa 1964, karo ilipomshinda mama yake. Darasani alichapwa sana kwa kuchora walimu. Mwalimu mkuu mmoja alimchapa, kisha akaikunja ile picha taratibu akaitia mfukoni, na miaka mingi baadaye tuliikuta imetundikwa sebuleni kwake.

Alianza kazi ya kuandika mabango ya maduka na bucha mjini Nyeri, akafika hadi Kutus na Kiriaini. Mwaka wa 1969 aliitwa kwenye timu ya taifa ya kandanda. Hapa tusidanganyane mbele ya jeneza: Gatimu alikuwa kipa wa akiba. Alizunguka nchi nyingi za ng'ambo, na nyingi alizitazama akiwa ameketi kwenye benchi, penseli mkononi. Rafiki yake Nderitu, beki wa timu hiyo na mwenyeji wa hapa hapa Nyeri, alikuwa akimuuliza, "Gatimu, wewe ulikuja kucheza ama kuchora?" Naye alijibu, "Mkifungwa, mtaniita."

Lakini kazi iliyomfanya apendwe milimani kote ilikuwa nyingine. Wajane wengi waliofiwa katika vita vile hawakuwa na picha za waume zao. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wazee husema babu amerudi. Basi mjane alikuwa akija na mjukuu mwenye jina la marehemu. Gatimu alimketisha mtoto kwenye kigoda, akamsikiliza nyanya, na polepole akauzeesha ule uso mchanga kwenye karatasi. "Mashavu ilikuwa imeingia ndani kidogo," nyanya mmoja wa Kiriaini alimwambia, "na alikuwa anaangalia mtu ni kama anataka kucheka." Picha ilipokwisha yule mama aliamkia karatasi. Wengi mlio hapa mnazo picha hizo majumbani mwenu.

Tarehe 7 Desemba 1968 alikuwa amemwoa dada yangu, Wangechi, kanisani hapa. Walijaliwa Wakonyo, kisha Ngendo. Gatimu aliwapenda mno binti zake, ila kila mtu alijua alichokuwa akingojea. Tarehe 3 Julai 1972 alizaliwa mvulana, akaitwa Theuri. Gatimu alikuwa Ujerumani Mashariki na timu. Telegramu ilipomfikia alilia mbele ya wenzake.

Timu ilirudi wiki iliyofuata. Yeye hakurudi. Mwalimu mmoja wa sanaa mjini Leipzig alikuwa amemwona akichora kwenye benchi, akamkaribisha darasani kwake mpaka mwisho wa Agosti. Gatimu alitaka kujifunza kuchora vizuri zaidi kabla ya kuuchora uso ule mmoja. Alimtuma Nderitu kwa mama yake: "Ambia mama Theuri amerudi, haendi mahali tena. Mimi niko na kazi kidogo huku."

Julai ile baridi ilikuwa kali. Mtoto alishikwa na nimonia, akafariki tarehe 9 Agosti. Gatimu alifika nyumbani na mkebe wa rangi mpya, akaonyeshwa kaburi. Tulimwacha hapo mpaka alipoinuka mwenyewe. Kisha akamwendea mama yake jikoni, akamwomba amweleze uso wa baba, kama wajane wengine walivyofanya. Mama yake hakugeuka. "Nilikuwa nimekuwekea yeye hapa," akasema. "Sasa unataka nikuambie na mdomo?" Hakumwambia, hadi alipofariki mwaka wa 1979. Yule mama alikuwa na uchungu wake, na hatumlaumu.

Gatimu aliacha mpira mwaka uleule. Aliendelea kuwachorea watu waume na baba zao, wala hakumkataa mtu yeyote. Mungu hakuwajalia mtoto mwingine.

Mwaka jana mwezi wa Septemba alianza kushindwa kumeza chakula. Madaktari walisema ni saratani ya koo, imeshaenda mbali. Siku zake za mwisho hospitalini, Wangechi aliketi kitandani kwake akamwambia jambo ambalo hawakuwa wamelizungumza kwa miaka kumi na saba: "Baba Wakonyo, wacha nikuambie vile mtoto alikuwa. Ningali namkumbuka vizuri." Gatimu alimshika mkono. "Wacha, Mama Wakonyo," akasema. "Nitamuona mwenyewe." Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Mei 1989.

Ameacha mjane, Wangechi. Mabinti, Wakonyo na Ngendo. Mimi shemeji yake. Na Nderitu, ambaye tunamhesabu kuwa ndugu.

Leo Jumamosi, tarehe 20 Mei, tunamlaza kando ya mwanawe. Hawa wawili hawakuwahi kuonana. Ee Mungu, wapumzishe pamoja, na umwonyeshe Gatimu mtoto wake.