Faranga Elfu Hamsini za Kufundisha Ukweli

— Faranga elfu hamsini kufundisha watu wazima kusema kweli? Mama yangu alinifundisha bure, na fimbo alikwenda kuikata yeye mwenyewe!

Kahawa ilimruka Moustapha kikombeni ikamwagikia goti, wala hakuipangusa. Walikuwa kwenye ubao wa kahawa wa Mama Régina, kando ya soko la Kasongo, mwaka wa hamsini na nane, mvua za asubuhi zikiwa zimekatika. Mama Régina, ambaye wote walimwita Mama Birika, alikuwa akimimina. Hippolyte alifagia ofisi ya teritware, yaani ya serikali ya wilaya, na kwa kuwa hakuna neno lililomponyoka huko, jina lake lilikuwa Redio. Wa nne wao alikuwa Célestin, karani kijana mwenye tai, aliyeitwa Kalamu Mbili, naye ndiye aliyepeleka habari za Kasongo kwenye gazeti moja la Bukavu. Moustapha aliuza mchele. Mwezi uliopita Célestin aliandika gazetini kwamba kopo la Moustapha la kupimia ni kopo la wizi, na tangu hapo gunia lake lilikaa karibu vilevile, limejaa. Sasa kijana huyohuyo kaja anacheka: chama cha waandishi wa Bulaya, kwa Wazungu, kimetoa fedha hizo, naye kachaguliwa kwenda Bukavu kujifunza kazi.

— Si kufundisha tu, Baba Moustapha, alisema Célestin. Wanataka na sheria ibadilike. Leo gazeti ikigusa Bwana Mkubwa wa teritware, inafungwa. Wanaomba serikali iache ile. Na mutu aliyeandikwa vibaya apewe nafasi ya kujibu.

— Ngoja nielewe. Ukigusa Bwana Mkubwa, unafungwa. Ukigusa muuza muchele, unapewa safari ya Bukavu?

— Na chakula ya njiani, aliongeza Redio.

Mama Birika alicheka hadi birika likatetemeka.

— Mimi najua ile faranga ni ya nini, alisema. Watawapanga mustari, wawachome sindano, sawa ile ya ugonjwa wa malale. Mwandishi akidanganya tu, mukono unavimba.

— Sindano gani, mama? Redio alijivuta mbele. Iko mashini ya kuandikia. Mimi naisikia kila siku pale ofisini. Karani anaandika, anaandika, halafu inalia ngrii! Unafikiri inalia nini? Imeshika uongo.

— Ile kengele inasema mustari umefika mwisho, alisema Célestin.

— Hivyo ndivyo walikuambia wewe. Juzi walikuwa wanaandika habari ya kodi. Ilikuwa ngrii, ngrii, ngrii, mpaka saa sita!

Hata Moustapha alitaka kucheka, akajizuia. Angecheka vipi? Watu waliokuwa wakimwita tangu mbali siku hizi walivuka njia wakimwona.

— Hiyo sheria ya kujibu, aliuliza, inaanza lini?

— Bado inachunguzwa.

— Nani anaichunguza?

— Wakubwa.

— Wale wanaofunga magazeti?

Célestin aliikaza tai yake.

— Baba, tuseme kweli. Kopo lako limebonyea ao halikubonyea?

— Limebonyea! Baiskeli ilipita juu yake, Kasongo nzima iliona! Ndiyo maana kila kopo naongeza kiganja kizima cha muchele juu. Ile kiganja uliiandika?

— Nafasi ilikuwa ndogo.

— Ndogo! Neno "mwizi" lilipata pa kukaa, kiganja changu kikalala nje?

— Niliandika vile watu wanasema.

— Watu gani? Wataje. Redio, ulisema wewe?

— Mimi? Mimi nilisema Bwana Mkubwa anakoroma. Hiyo haikuchapwa.

— Kumbe mashini ililia, alisema Mama Birika.

Wakati huo alifika Victorine, mkulima wa Lusangi, akatua kikapu chake cha mchele chini. Msimu baada ya msimu alimletea Moustapha mchele. Safari hii hakumtazama usoni.

— Baba, nisamehe. Mwalimu alitusomea ile gazeti. Bwana yangu anasema muchele wetu usiuzwe na kopo la wizi. Nitapeleka kwa mwingine.

Moustapha alisikia hasira ikimshuka yote hadi miguuni, ikabaki baridi. Kugombana na mtoto wa kalamu alikuweza. Kugombana na Victorine hakuweza.

— Mwandishi ndiye huyu, alisema. Mwulize mwenyewe.

Victorine alimgeukia kijana, akamtazama viatu, tai, kalamu zote mbili. Sauti yake haikuwa na ugomvi.

— Ni wewe, mutoto wa Marguerite? Habari ya nyumbani? Eh, mwanangu, wiki hii kwenu munakula muchele wa nani?

Redio aliangalia juu. Mama Birika alipata kazi ya ghafla na makaa yake. Célestin aliinua kikombe akanywa, nayo kahawa yake ilikuwa imekwisha zamani. Kila mtu pale alimjua mama yake, na kila mtu alijua kwamba bado alinunua mchele kwa Moustapha.

Moustapha hakungoja ajibu. Alisimama, akamchomoa kalamu moja mfukoni, akamtia mkononi.

— Sihitaji sheria ya Bulaya. Utaandika kwamba siibi. Ukurasa uleule, jina langu likae wazi, na lako chini. Lori ya posta ya Bukavu inaondoka saa tisa. Andika.