Kwenu Hasa ni Wapi

"Rudi kwenu Tunduru, dada. Mume keshazikwa, Songea utakaa na nani?" Mama Kunegunda alimshauri Mwanaheri, mjane aliyekutana naye ndani ya basi letu kutoka Namtumbo. "Nitakaa na kaburi lake. Nimezaa Songea, nimezeeka Songea." "Lakini wewe wa kuja. Wenyeji ni sisi Wangoni." "Kumbe! Babu zenu si walitoka Afrika Kusini na ngao mkononi?" "Hiyo zamani." "Zamani inaanza lini, na mimi niisubiri?"

Mimi niliwasikiliza kutoka kiti cha nyuma yao. Kila ofisi niliyopelekea malalamiko yangu iliniuliza kwanza kwetu ni wapi. Hakuna iliyofika kwenye swali la pili.

Basi likasimama stendi. Mama Kunegunda akashuka, akasema kwa upole, "Karibu Songea, dada."

"Nawe karibu," Mwanaheri alijibu.