Rangi ya Pedali ya Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, kaeni nami kidogo. Jumamosi tumemzika Verna Hrynchuk. Verna, mke wa Orest, mama wa Larissa, dereva wa tingatinga. Ameuawa na mashine ambayo halmashauri yetu iliiuza ikijua ni mbovu. Ikijua. Nitalirudia neno hilo.

Verna alizaliwa hukuhuku, kwenye mashamba ya juu ya mto Peace. Baba yake alimpandisha kwenye trekta kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Orest alizoea kusema, "Mimi nikisawazisha shamba, madimbwi yanabaki na bata wanahamia. Akisawazisha Verna, unaweza kuweka meza ya biliadi."

Walibakiwa na kipande kimoja cha kufyeka, msitu wa mipopla juu ya korongo la kijito. Wakati wa baridi halmashauri ikatangaza kuuza tingatinga lake kuukuu. Wakaenda kuliangalia.

Wakalikuta linanguruma. Kwetu, injini ikikutwa imeshapashwa kabla mnunuzi hajafika, mnunuzi huondoka, maana huenda kuna ubovu unafichwa. Lakini kwa baridi ile, nani asiyepasha injini? Orest akaliacha hilo. Akapiga magoti kwenye theluji, akachungulia chini. Cheni zake, zile linazotembelea, zilikuwa mpya.

"Mama Larissa, njoo uone cheni hizi."

Verna hakwenda. Alikuwa amepanda juu, anatazama pedali mbili za breki, moja ya kila upande. Ya kulia ilisuguliwa mpaka chuma kinang'aa. Ya kushoto bado ilikuwa na rangi.

"Delbert, madereva wako hawakati kona kushoto?"

Delbert Stroud ndiye mkuu wa gereji ya halmashauri. Akacheka. "Shimo letu la kokoto liko kulia, shemeji."

"Miaka yote hiyo?"

"Unanunua mashine au unatafuta mchumba?"

"Mchumba ningemkagua kidogo tu. Lipeleke pale mteremkoni tulijaribu."

"Bima hairuhusu. Ni amri ya wakubwa. Jaribu hapahapa uwanjani."

Wasikilizaji wapendwa, uwanja ule ni tambarare. Kwenye tambarare unavuta wenzo wa kushoto tu, tingatinga linakata kushoto bila breki. Mteremkoni ni lazima ukanyage pedali. Breki isiposhika, lile dude linakwenda upande mwingine. Wakubwa wanalijua hilo.

Njiani kurudi, Verna akasema, "Farasi wa mnada huyo. Amevalishwa viatu vipya ili tusimtazame meno."

"Unaogopa rangi?" Orest akamtania.

"Siogopi rangi. Namwogopa aliyekwepa kuigusa."

Hata hivyo wakalinunua. Msitu ulikuwa unangoja, na masika yetu ni mafupi.

Kwa siku kadhaa Verna alifyeka juu, patambarare, na mambo yakaenda vizuri. Kisha akafika ukingoni. Larissa alikuwa amempelekea chai. Ananiambia, "Mama alitaka kukata kushoto, aliache korongo. Niliona goti lake likizama. Mashine ikaenda kulia."

Korongo lilikuwa kulia.

Siku ya maziko, dereva mmoja wa halmashauri alimvuta Orest pembeni ya kanisa. "Sisi hatukulishusha mteremko hata siku moja, mzee. Tuliwaambia wakubwa breki ya kushoto imekufa. Wakalifungia cheni mpya, wakaliuza." Nilisema nitalirudia. Walijua.

Jana Delbert alifika shambani na maua, na lori la kulivuta tingatinga. Eti kwa usalama.

Orest alikuwa korongoni kando ya tingatinga, amekaa kwenye gogo la mpopla, kofia mkononi. Hakuyapokea maua. "Panda kwanza, Delbert. Kanyaga ya kushoto."

"Orest, mimi naelewa uchungu wako…"

"Panda."

Delbert akapanda hadi kwenye ngazi, akachungulia ndani. Mguu hakuuingiza. Rangi ya pedali ya kushoto ilikuwa imekwanguka, upana wa soli ya kiatu cha Verna.

Akashuka. Lori likarudi tupu. Tingatinga bado liko korongoni, na Orest anakaa pale kulilinda.

Orest, Larissa, poleni sana. Sote tulio hapa bondeni tunalia nanyi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkienda kununua mashine ya mtu, ombeni ipande na kushuka mlima mbele yenu. Akikataa, msimwulize sababu. Washeni gari, kila mtu arudi nyumbani na mke wake.