Ngatia Theuri na Gari Lililofunguka Mlimani Pekee

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Bwana Ngatia Theuri atakabidhi funguo za gari la wagonjwa katika ofisi ya usimamizi, na hivyo kukamilisha miaka thelathini na minne ya utumishi katika hospitali yetu ya misheni hapa Mukurweini. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wake katika ukurasa mmoja. Naiomba kamati radhi mapema, kwa kuwa ukurasa mmoja haukutosha, na pia kwa kuwa mengi nitakayoyasema hayakutendeka hospitalini bali nyumbani kwake, katika siku zake za mapumziko. Sikuona njia nyingine ya kumweleza mtu huyu kwa haki.

Bwana Ngatia aliajiriwa kama utingo. Kazi yake ilikuwa kuruka chini kila gari liliposimama na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, maana katika milima yetu breki peke yake haiaminiki. Alipopandishwa cheo na kuwa dereva, aliendelea kuweka jiwe mwenyewe, hata baada ya kupewa utingo wake. Wakati wa mvua ndefu alikuwa akibeba vigogo vya migomba nyuma ya gari ili avitandike chini ya magurudumu penye matope, na wagonjwa wa kliniki za vijijini walizoea kusafiri wakiwa wameketi juu ya vigogo hivyo. Sista mmoja wa zamani alikuwa akisema kwamba Ngatia huendesha gari kana kwamba amebeba mayai ya mtu mwingine.

Gari lake la kwanza lilikuwa kombi ya kliniki, nyeupe yenye mkanda wa kijani, ambayo watu wa hapa waliiita Cucu, yaani nyanya, kwa kuwa ilikuwapo kabla ya wengi wetu. Cucu ilipochoka iliegeshwa nyuma ya chumba cha kufulia. Kuku wakahamia ndani, mmea wa malenge ukaparamia paa, na kwa miaka mingi tukawa tunalitaja gari hilo tu tunapomwelekeza mtu njia ya chooni. Hospitali ilipoamua kuliuza kama chuma chakavu, Bwana Ngatia peke yake ndiye aliyejitokeza kulichukua. Alilivuta hadi nyumbani kwake, akalifunika kwa turubai, na hakuna aliyejua alilikusudia nini. Nadhani hata yeye hakujua.

Hapo hapana budi nimtaje mkewe, Mama Murugi, kwa idhini yake. Wengi wanamfahamu kama kiongozi wa nyimbo katika Kikundi cha Akina Mama. Marehemu mke wangu, Beth, aliimba karibu naye, na alikuwa akiniambia kwamba kumfuata Murugi ni kama kumfuata mtu anayejua njia gizani. Miaka michache iliyopita Mama Murugi alipatwa na kiharusi. Sauti ilimrudia, lakini miguu haikumrudia. Siku moja, katika kituo cha magari, vijana wanne walimwinua kumpandisha, na mmoja wao akalalamika juu ya uzito. Alirudi nyumbani akasema kwamba hatatoka tena langoni kwake akiwa amebebwa kama gunia la viazi. Akatimiza neno lake. Hakuenda kanisani, hakuenda sokoni, wala hakuenda kumwona dada yake.

Ndipo mwana wao, Ben, alipopata mchumba huko Mweiga, na siku ya ruracio, yaani siku ya kupeleka mahari, ikapangwa. Kwetu, kama ijulikanavyo, wageni hawaingii hivi hivi. Akina mama wa upande wa mvulana husimama nje ya lango na kuimba, nao wenyeji hulifunga na kuwajibu kwa nyimbo na kejeli, mpaka upande mmoja uishiwe maneno. Mama Murugi alikuwa amefungua malango ya watu wengine katika wilaya nzima. Sasa lango la mwanawe mwenyewe lilikuwa linangoja, naye yuko nyumbani kwenye kiti cha magurudumu.

Jamaa mmoja alijitolea kumpeleka kwa gari dogo. Alikataa. Akina mama wa kikundi nao wakasema kwamba wasipokwenda naye, katika gari moja, hawataimba. Niliwasikia kwa masikio yangu wakimwambia Bwana Ngatia uani: "Wewe ni dereva ama wewe ni picha ya dereva? Tafuta gari itatuingiza sisi wote na kiti yake." Bwana Ngatia aliitazama turubai. Jumamosi iliyofuata turubai ilikuwa imeondolewa.

Kombi ile ilikuwa fupi. Kiti cha magurudumu kikiingia, nafasi iliyobaki ni ya watu watatu wembamba, na katika kikundi hicho, naomba radhi, hakuna watatu wa namna hiyo. Basi Bwana Ngatia akaazimu kuirefusha. Alikwenda Nanyuki kwa Bwana Guled, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye alikuwa na gofu la kombi ya aina ile ile na alilitumia kama zizi la mbuzi wadogo. Guled aliposikia gari linatafutiwa nani, alifungua mlango wa zizi papo hapo. "Chukua tumbo yote, mzee," alisema. "Mbuzi zangu zitalala nje. Hizo ziko na koti."

Sitasahau alasiri niliyofika nikaikuta Cucu imekatwa vipande viwili. Kichwa kilikuwa upande huu wa ua na mkia upande ule, jogoo akipita katikati bila haraka, na katika pengo hilo Mlima Kenya ulionekana wote, theluji kidogo kileleni. Nilivua kofia. Sikujua kama nilikuwa nauvulia mlima au kazi ya yule mtu. Siku zile zote alikwangua kutu, akachomelea kipande cha Nanyuki katikati, akarefusha propela, yaani ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini nyuma, akashusha sakafu karibu na mlango wa ubavuni na kutengeneza ubao wa kupandishia kiti. Mikanda ya kukifungia ilishonwa na fundi wa matandiko ya punda. Nafasi ya Mama Murugi iliwekwa nyuma tu ya dereva, dirishani, kwa sababu alitaka kuona barabara kabla ya wengine. Rangi ilirudi ileile, nyeupe na mkanda wa kijani. Mlango wa ubavuni uliteleza kwa kidole kimoja. Wakaguzi wa magari walikuja pale uani, wakalizunguka mara nyingi, wakashauriana, kisha wakalipitisha.

Safari ya majaribio ilikuwa ya Kiganjo. Nilipewa heshima ya kuwa abiria. Mama Murugi alijipandisha mwenyewe kwa mikono yake, akafungiwa mikanda, na tulipolipita lango lao aliimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini. Cucu ilinguruma kupanda na kushuka bila kulalamika. Tukafika Kiganjo, mahali tambarare, tukaegesha mbele ya maduka ili Mama Murugi ashuke anunue chumvi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Mlango haukufunguka.

Bwana Ngatia alivuta. Nikavuta. Wenye maduka wakavuta. Umati ulikusanyika, kwa maana gari refu namna ile halijifichi, na vijana wa bodaboda wakaanza kutoa mashauri. "Mama, tukutolee dirishani? Tuko wengi!" mmoja alisema, kwa nia njema kabisa. Mama Murugi alimtazama. "Kijana, mimi si kreti ya mikate." Kisha akamgeukia mumewe, akasema polepole, "Baba Ben, nirudishe pale ilifunguka."

Tulipofika kwao, Bwana Ngatia aliegesha pale pale alipozoea kufanyia kazi, mteremkoni, magurudumu yakatua katika mashimo yao ya zamani. Mlango ukateleza kwa kidole kimoja.

Mama Murugi ndiye aliyecheka kwanza. "Ati inaona haya mbele ya watu wa Kiganjo!" alisema. Sisi wengine tukafuata, kwa nafuu zaidi kuliko kwa furaha. Bwana Ngatia hakucheka. Alilala chini ya gari akakaa huko muda mrefu, na alipotoka alikuwa ameelewa. Naomba nieleze kwa lugha nyepesi, kwa kuwa ndivyo alivyonieleza mimi. Nyumba zetu zimeshika ubavu wa kilima. Mtu aliyezaliwa hapa hauoni mteremko, kama vile samaki haoni maji. Ngatia alikuwa amelichomelea gari likiwa limesimama kwa kuinama, gurudumu moja likiwa juu kuliko jingine, na chuma kikashika umbo la uwanja wake. Gari lilikuwa limenyooka kabisa, lakini nyumbani kwa Ngatia tu. Mahali pengine popote duniani lilikuwa limejipinda.

Siku ya ruracio ilikuwa imekaribia. Wengi wetu tulimshauri apanue mlango kwa tupa na kuacha mambo hapo. Alisema mlango uliopigwa tupa leo utakwama tena kesho, na utakwama Mama Murugi akiwa ndani. Alichohitaji ni ardhi tambarare yenye urefu wa gari zima, na katika shamba lake lote palikuwa na mahali pamoja tu panapoweza kusawazishwa: ngazi ya juu ya matuta ya shamba, penye mistari miwili ya kahawa iliyopandwa na marehemu baba yake. Wa rika langu wataelewa kwa nini alisimama pale na jembe bila kulinyanyua. Kwetu mtu huuza ng'ombe, huuza hata mlango wa nyumba, lakini kahawa ya baba haing'olewi.

Mama Murugi alijisukuma hadi ukingoni mwa ngazi ile. Yeye ndiye aliyeichuma kahawa ile tangu alipoolewa. "Hii kahawa imenibebesha gunia miaka yote," alimwambia. "Sasa nayo inibebe mara moja. Ng'oa, Baba Ben."

Akang'oa. Alisawazisha ardhi, akaipima kwa mpira mwembamba wa plastiki ulio wazi kiasi cha kuona maji ndani, kwa maana maji yakitulia hayamdanganyi mtu. Nilishika ncha moja ya mpira huo, naye akaniomba kwa upole niuegemeze kwenye kigingi. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nawasimulia vijana. Alikata tena. Kazi iliyokwisha pakwa rangi, iliyokwisha pitishwa na wakaguzi, iliyosifiwa na kijiji kizima, aliikata katika maungio yote mawili, bila hasira, kama mtu anayefumua sweta la mtoto aliyekua. Akaanza upya, na alipomaliza akawaita wakaguzi tena.

Siku ya ruracio, nami nilikuwamo kama mmoja wa wazee, Cucu ilisimama mbele ya lango la wakwe huko Mweiga, kati ya mashamba ya viazi, mahali tambarare kama meza. Lango lilifungwa mara moja. Shangazi wa bibi arusi, Bi Wakiuru, mama mwenye sauti ya kuamsha mifugo, alitoa kichwa juu ya ua akaanza kuimba. Nyimbo zilikuwa kwa Kikuyu na naomba radhi kwa tafsiri yangu. "Tumeona treni imekuja kwetu! Je, reli mmeiacha wapi?" Wenyeji wakacheka na kupiga vigelegele. Ndani ya Cucu, akina mama wote walikuwa wanautazama mlango.

Bwana Ngatia alishuka ili aufungue. Mama Murugi akanyoosha mkono kwanza, akaushika mpini mwenyewe, akavuta.

Uliteleza.

Alishuka kwa ubao wake, polepole, mgongo umenyooka, hakuguswa na mtu yeyote, na kabla magurudumu hayajafika kwenye nyasi alikuwa amekwisha kujibu: "Reli tumewaachia ninyi! Mkija kumtembelea binti yenu mtaihitaji!" Nyuma yake sauti zikaporomoka kama mto uliofunguliwa. Shangazi alisema gari lina mkia mrefu. Murugi akajibu kwamba mkia ni wa kumzungushia bibi arusi asipate baridi. Shangazi aliuliza kwa nini wageni wamekuja wameketi. Murugi akajibu kwamba malkia hasimami mlangoni. Hapo Bi Wakiuru alicheka mwenyewe, na mwenye kucheka ameshindwa. Lango likafunguliwa.

Nilimtafuta Bwana Ngatia nimpe mkono. Nilimkuta ameinama nyuma ya Cucu, kwenye uwanja ule usio na mteremko hata kidogo, akiweka jiwe chini ya gurudumu. Macho yake yalikuwa yamelowa, kwa hiyo nikajifanya nautazama mlima.

Huyo ndiye mtu tunayeagana naye. Ningalipenda kuwataja pia madereva aliowafunza na akina mama waliojifungua salama kwa sababu alijua kila kona ya barabara, na naomba msamaha kwamba nafasi haikubaki.

Alasiri ya tarehe thelathini, Ben atakuja na Cucu hadi mlango mkuu wa hospitali, Mama Murugi akiwa dirishani pake, na Bwana Ngatia atapanda kama abiria kwa mara ya kwanza. Mlango wetu mkuu, kama mjuavyo, uko mteremkoni. Tumekubaliana wafanyakazi wote kwamba siku hiyo yeye asishuke. Jiwe tutaliweka sisi.

Asante, Bwana Ngatia. Nenda na amani, wewe na mwenzako, na popote mtakaposimama, mlango na ufunguke.

Hezekiah Mwai
Karani mstaafu wa hospitali