Kicheko cha tableti

Juu ya lori lililotoka Kasongo, mama Jeanine alimkuta mwalimu aliyemfundisha binti yake Olga hesabu. Hakumsalimia.

"Ile programu yenu ya aljebra kwenye tableti inatoa kicheko mutoto akikosa jibu. Darasa zima likamucheka Olga. Sasa amekimbilia Salamabila, kwenye machimbo ya zahabu!"

"Mama, mashini haina ubaya. Inamwambia tu asome fumbo tena, atafute x."

Sisi tuliokalia magunia ya mihogo tuliacha kutafuna karanga.

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Tulicheka wote, mama. Ilikuwa mchezo tu."

"Tulicheka?"

Lori liliposimama Wamaza, mama Jeanine alishuka, akaita pikipiki impeleke Salamabila. Mwalimu alimteremshia mfuko wake. Mama akaunyakua bila kumtazama.